Umeuziwa Gari Kimeo: Shika Nini, Andika Nini, Uende Wapi

Jumatatu asubuhi, siku ya tatu tangu ainunue, Noah ya jirani yangu ilizimika katikati ya mwinuko wa Wazo. Alikuwa anatoka Tegeta Kibaoni kurudi Madale. Mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu, moshi mweupe ukaanza kutoka nyuma, akalivuta gari pembeni huku malori ya saruji yakimpita kwa kishindo. Fundi wa jirani na pale alikuja na tambara, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiinua juani. Kilichoganda kwenye kijiti kilifanana na chai ya maziwa. Maji yalikuwa yameingia kwenye oili. Alipoinama zaidi aliona, kwenye ukingo wa silinda hedi, mstari wa silikoni ya kijivu, mpya, bado unabonyea kwa kucha. Mtu alikuwa ameifungua ile injini muda mfupi uliopita, akaifunga kwa gundi, akaiuza.

Ijumaa iliyotangulia jirani yangu alikuwa amelipa shilingi milioni 14. Na kwenye simu yake ulikuwapo ujumbe wa dalali: mama, injini haijawahi kufunguliwa, hii ni kuwasha na kuondoka.

Jioni alinijia na simu mkononi, anataka twende polisi dalali akamatwe usiku uleule. Nilimwambia polisi tutafika sababu ikipatikana, lakini kwanza afanye mambo matatu: asifute ujumbe hata mmoja, asiliwashe gari tena, na amwombe fundi asitupe chochote atakachokifungua. Niliyomweleza baada ya hapo nimeyaweka hapa, pamoja na yale ambayo natamani angeyajua wiki moja kabla.

Kuuziwa mbuzi kwenye gunia ni jambo linalotokea duniani kote. Wamarekani gari la namna hiyo wanaliita limau, na wametunga sheria zinazojulikana kwa jina hilo. Jimbo la Connecticut lilitangulia mwaka 1982: gari jipya likirudishwa gereji mara nne kwa ubovu uleule bila kupona, au likilala gereji jumla ya siku 30, mtengenezaji analazimika kulibadilisha au kurudisha fedha. Afrika Kusini, kwa sheria yao ya walaji ya mwaka 2008, mnunuzi anapewa miezi 6 ya kudai bidhaa mbovu itengenezwe, ibadilishwe au fedha zirudi. Kenya haki ya kupata bidhaa zenye ubora unaostahili imeandikwa ndani ya Katiba, ibara ya 46.

Tanzania hatuna sheria ya limau. Hata ile ya Wamarekani isingetusaidia sana, kwa kuwa inamlinda hasa mnunuzi wa gari jipya, na magari mengi tunayonunua huku Wazo, Bunju, Mbagala au Chamazi yalishatembea Japani miaka kadhaa kabla ya kupanda meli. Lakini haki tunayo. Imetawanyika kwenye sheria tatu nne, na inamfaa zaidi mtu aliyejiandaa kabla fedha hazijatoka mkononi.

Kwanza ujue unanunua kwa nani

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ni ya tangu enzi za mkoloni, imejengwa juu ya sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Inaanza na msimamo mkali: mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Kisha kifungu cha 16 kinaweka milango ya kutokea, na milango hiyo inategemea muuzaji ni nani.

Ukinunua kwa mtu ambaye biashara yake ni kuuza magari, yaani yadi, sheria inaingiza masharti ndani ya mkataba wenu hata kama hakuna aliyeyaandika. Gari liwe na ubora wa kuuzika. Na kama ulimweleza kazi unayolitakia, na ulitegemea utaalamu wake katika kuchagua, basi liifae kazi hiyo. Ndiyo maana nasema useme, tena kwa maandishi: natafuta gari la kubeba wanafunzi kila siku kutoka Madale hadi Mwenge. Sentensi hiyo moja, ikiwa kwenye ujumbe wa simu, inamfunga mwenye yadi kuliko salamu zote mlizopeana.

Ukinunua kwa mtu binafsi, mwalimu au mtumishi anayeuza gari lake apate ada ya watoto, lile sharti la ubora wa kuuzika halimgusi. Kwake unabaki na vitu viwili: gari lifanane na maelezo aliyolinadi nayo, na alichokuambia kisiwe uongo. Kwa hiyo kwa mtu binafsi ukaguzi na maandishi vina uzito mkubwa zaidi.

Dalali ni tatizo la peke yake. Mara nyingi si mwenye gari, si mwenye yadi, yupo kwa ajili ya cha juu chake. Lakini akiwa ametumwa na mwenye mali, maneno yake kuhusu gari yanaweza kumfunga aliyemtuma. Muulize mwenye gari mbele ya dalali, au mwandikie: huyu ndugu anazungumza kwa niaba yako? Akijibu ndiyo, umeshapata mtu wa kumdai.

Uliza pia jina kwenye kadi ya gari. Gari linaweza kupita mikono mitatu huku kadi bado ina jina la mwenyewe wa kwanza, kwa sababu kila mmoja alikwepa gharama za kuhamisha umiliki TRA. Muuzaji ambaye jina lake halimo akuonyeshe mkataba wa kila mkono ulioshika gari hilo, au amlete mwenye kadi asaini. Kadi yenye jina la benki pembeni ya jina la mtu maana yake kuna mkopo. Usitoe hata shilingi mpaka benki iandike kwamba deni limekwisha. Na ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini wa polisi, maana faini za trafiki zinafuata namba ya gari, na mmiliki mpya ndiye anayesimamishwa barabarani.

Ukaguzi, na mtego uliomo ndani yake

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Sheria inasema ukishalikagua gari, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Kwa hiyo ukaguzi wa juujuu unaweza kukudhuru: ulipiga teke tairi, ukasema umeridhika, na sasa mikwaruzo, kutu na kioo kilichopasuka ni vyako. Kagua kwa ukamilifu, kisha andika ni nini ulikatazwa kukigusa. Kama mwenye yadi alikataa fundi wako asifungue mfuniko wa oili, au asichomeke mashine ya kupima, mtumie ujumbe jioni ileile: leo fundi wangu hakuruhusiwa kupima injini, umenihakikishia ni nzima. Akijibu sawa, imetosha.

Fundi awe wako, usimkubali wa yadi. Mlipe siku yake, ataangalia kwa utulivu. Fikeni asubuhi na mapema injini ikiwa baridi. Mwenye gari aliyeshaliwasha na kulichemsha kabla hujafika ana kitu hataki ukisikie wakati wa kuliwasha. Fungua mfuniko wa oili uangalie utando wa maziwa. Fungua rejeta kabla injini haijapata moto, utazame kama maji yana mafuta juu. Moshi wa bluu ni injini inayokula oili. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto ni maji yanayoungua ndani. Taa ya injini na ya eabegi lazima ziwake unapofungua swichi, kisha zizime zenyewe. Zisipowaka kabisa, mtu amechomoa balbu au amefunika taa ili usijue.

Kisha lipeleke kwenye mlima. Sisi wa upande huu tumebarikiwa: kupandisha Wazo, au barabara ya Salasala, na abiria wanne na kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kunafichua giaboksi inayoteleza na injini inayochemsha kuliko saa nzima ya kuzunguka tambarare. Wa Temeke na Mbagala watafute kilima chochote, au watembee kilomita 20 bila kusimama kisha waliache likiunguruma dakika 15. Jirani yangu alilijaribu gari kwenye lami iliyo mbele ya yadi, mita mia mbili kwenda na kurudi.

Neno kuhusu namba. Mtaani watu huuliza, ni namba gani, D au E? Herufi hiyo inakuonyesha gari lilisajiliwa lini hapa nchini. Umri wa gari haumo humo. IST ya mwaka 2004 inaweza kuvaa namba E kwa sababu ilifika juzi. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi, na namba ya chesisi iliyopigwa kwenye bodi lazima ifanane na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu.

Kilometa za dashibodi zinachakachuliwa kirahisi. Gari lililotoka Japani kwa njia halali huja na cheti chao cha kuliuza nje, na mara nyingi kilometa zilizosomwa kwenye ukaguzi wa mwisho wa huko zimeandikwa humo. Omba nakala. Kama cheti kinasema 148,000 na dashibodi inasema 83,000, umepata uongo wenye tarehe. Karatasi ya mnada wa Japani nayo inaonyesha daraja la gari: 4 au 4.5 ni zuri, na herufi R kwa kawaida ni gari lililowahi kupata ajali likatengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, ila bei yake iwe ya R.

Na cheti cha ukaguzi cha TBS? Kinasaidia, lakini kisikufumbe macho. Ukaguzi ule unaangalia kama gari linafaa kutembea barabarani kwa usalama siku lilipokaguliwa: breki, taa, usukani, moshi, matairi. Hautoi ahadi kwamba giaboksi itafika mwakani, na hauzungumzii yaliyofanyika gereji baada ya gari kutoka bandarini.

Kuna kasoro nyingine ambayo fundi hawezi kuiona kwa macho. Eabegi zilizotengenezwa na kampuni ya Takata zilikuwa zikilipuka vibaya na kurusha vipande vya chuma kwa dereva. Magari ya kampuni nyingi, ya Kijapani yakiwamo, yaliitwa kurudishwa duniani kote kwa mamilioni, na Takata yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Namba ya chesisi ukiipeleka kwa wakala wa kampuni iliyotengeneza gari, au kwenye tovuti ya kampuni hiyo, inaweza kukuambia kama gari lako limo kwenye orodha ya yaliyoitwa. Fanya hivyo kabla ya kununua, na hata kama umeshanunua.

Mkataba: mahali pa kupigania

Mikataba mingi ya gari ninayoiona ni karatasi moja ya wakili yenye jina la muuzaji, jina la mnunuzi, namba ya gari, bei, na ile sentensi ya hatari: mnunuzi amelikagua gari na kuridhika nalo kama lilivyo. Ukisaini hivyo umejifunga mikono. Kauli hiyo haifuti uongo wa makusudi, ila itakusumbua mahakamani.

Kuna jambo la kisheria linalofanya karatasi hii iwe muhimu kuliko yote. Gari unalonunua yadi ni kitu mahsusi, lile lile mliloliangalia. Umiliki wake ukishahamia kwako, sheria ya mauzo kwa kawaida inakuachia haki ya kudai fidia tu. Kulirudisha gari na kuchukua fedha zako zote kunakuwa kugumu, isipokuwa mkataba wenyewe uliruhusu. Basi mkataba uruhusu. Mwambie wakili aongeze maneno ya namna hii:

“Muuzaji anathibitisha kwamba injini na giaboksi ni nzima na hazijafunguliwa kwa matengenezo makubwa, gari halijapata ajali iliyoharibu chesisi, na kilometa zinazosomeka ni za kweli. Kasoro kubwa ya injini, giaboksi au chesisi iliyokuwapo siku ya mauzo ikibainika ndani ya siku 14, mnunuzi anaweza kurudisha gari na kurudishiwa fedha zote, au kudai litengenezwe kwa gharama za muuzaji.”

Atakuambia hakuna anayeandika hivyo. Mwombe siku 7, au aondoe kilometa abakishe injini. Muuzaji anayekataa kila neno la karatasi hiyo, wakati mdomoni ameapa kwa mama yake kwamba gari ni zima, ameshakujibu. Ondoka. Magari hayajaisha Dar es Salaam.

Jambo jingine linaniuma kwa sababu tunajifanyia wenyewe. Ili kupunguza ushuru wa stempu wakati wa kuhamisha umiliki, mnunuzi na muuzaji wanakubaliana kuandika bei ndogo: gari la milioni 14 linaandikwa milioni 6. Ni kinyume cha sheria, na siku ya kudai fedha zako, ushahidi wako mkubwa utasema ulitoa milioni 6. Zilizobaki utazithibitishaje? Andika bei ya kweli. Lipa kwa benki au kwa simu, kwa jina lililo kwenye mkataba, na yadi ikupe risiti ya EFD yenye kiasi kamili.

Usisahau simu. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inakubali ujumbe wa simu na sauti zilizorekodiwa kuwa ushahidi, mradi uweze kuonyesha ulikotoka na kwamba haukuguswa. Picha ya skrini peke yake ni dhaifu. Hifadhi mazungumzo yote, na simu yenyewe ibaki nayo. Tangazo la gari lenye picha na sifa zake nalo lihifadhi siku uliyoliona, kwa sababu gari likishauzwa tangazo litafutwa.

Kimeo kimeonekana: siku saba za kwanza

Acha kuliendesha. Kila kilomita unayoongeza inampa muuzaji neno la kusema, kwamba wewe ndiye uliyeliua. Sheria nayo inamhesabu kuwa ameikubali bidhaa mnunuzi aliyekaa nayo muda mrefu bila kusema kitu. Hakuna idadi ya siku iliyotajwa. Kinachopimwa ni kama ulichelewa kupita kiasi. Saa 24 ni bora kuliko wiki, na wiki ni bora kuliko mwezi.

Mtumie muuzaji ujumbe siku hiyohiyo, bila matusi: gari namba fulani nililonunua kwako tarehe fulani limepata tatizo hili, mahali hapa, saa hii, silitumii tena, njoo ulione au mtume fundi wako. Mpe nafasi kweli ya kuliona kabla halijafunguliwa. Akikataa, kukataa kwake kumeandikwa.

Kisha fundi aandike. Mafundi wetu hodari wengi hawana mazoea ya kuandika, kwa hiyo kaa naye uandike wewe, asaini yeye: jina, gereji, simu, tarehe, namba ya gari, kilometa, alichokikuta, na la muhimu kuliko yote, kwa nini anaamini kasoro ilikuwapo kabla ya siku ya mauzo. Kwa Noah ile, sentensi iliyobeba kila kitu ilikuwa kwamba silikoni ya kwenye hedi ilikuwa bado haijakauka sawasawa, na kwamba hedi yenyewe ilikuwa imepinda kiasi kisichoweza kutokea kwa siku tatu. Fundi wa pili akiunga mkono, vizuri zaidi. Piga picha kabla ya kufungua, wakati wa kufungua na baada. Vifaa vilivyotolewa viingie kwenye mfuko wenye tarehe, uvipeleke nyumbani kwako.

Baada ya hapo ndiyo barua ya madai. Haihitaji Kiingereza wala maneno makubwa. Ukurasa mmoja: nilinunua nini, lini, kwa kiasi gani; uliniambia nini kabla ya kununua; nimekuta nini; ninataka nini; una siku 14. Hapo kwenye ninataka nini wengi wanateleza. Chagua moja: kurudishiwa fedha, au kutengenezewa, au kulipwa tofauti ya bei. Taja kiasi. Ambatanisha nakala ya ripoti ya fundi, risiti na mkataba, peleka kwa mkono, nakala yako isainiwe au igongwe muhuri wa yadi. Wakigoma kupokea, nenda na mjumbe au jirani awe shahidi, kisha uipige picha na kuituma kwa simu pia.

Barua isipojibiwa

Polisi wana mahali pao. Aliyeuza gari la wizi, aliyetoa kadi ya kughushi, aliyerudisha kilometa nyuma huku akijua, anaweza kushtakiwa kwa kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu. Kwa hayo nenda, chukua RB, yaani namba ya taarifa yako kituoni. Lakini gari lililoharibika tu, bila uongo unaoweza kuuonyesha, ni shauri la madai, na kituo cha polisi hakikusanyi madeni ya watu. Nimeona watu wakipoteza miezi wakienda na kurudi kituoni, wakati gari linaoza uani.

Kwa yadi na wafanyabiashara iko Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003. Sheria hiyo inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa na historia yake, na inaipa Tume nguvu za kutoa adhabu na kuamuru fidia. Peleka malalamiko ya maandishi na vielelezo vyako vyote. Hata kama shauri litachukua muda, mwenye yadi anayeagiza magari kila mwezi hapendi jina lake lisomwe pale. Mtu binafsi aliyeuza gari lake moja usimpeleke huko. Huyo mahali pake ni mahakamani.

Mahakamani usiogope. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, Mahakama ya Mwanzo inaweza kusikiliza dai la deni linalotokana na mkataba lisilozidi shilingi milioni 30, kiasi kinachogusa magari mengi ya mtaani kwetu. Shauri linaendeshwa kwa Kiswahili, unaweza kujisimamia mwenyewe, na karani atakuelekeza namna ya kufungua. Dai likizidi hapo, au likiwa la fidia yenye mizengwe ya kisheria, linakwenda Mahakama ya Wilaya, na huko nakushauri upate wakili. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zote. Asiye na uwezo wa kulipa wakili atafute watoa msaada waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni mojawapo ya milango hiyo.

Msingi wa dai lako unaweza kuwa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345: ukikubali mkataba kwa sababu ya maelezo ya uongo, una hiari ya kuutengua. Angalizo moja. Ukimya wa muuzaji si sawa na uongo wake. Kama hukuuliza, naye hakusema, na ungeweza kugundua kwa uangalifu wa kawaida, hali yako ni ngumu. Ndiyo maana ya kuuliza kwa maandishi: injini imewahi kufunguliwa? Gari limewahi kupata ajali? Jibu lolote ni lako.

Muda wa kufungua shauri la mkataba ni miaka 6. Usiutumie wote.

Aliyeagiza moja kwa moja, na wa bajaji

Ukiagiza gari kutoka Japani kupitia kampuni ya huko, ujue mkataba wako ni na mtu wa mbali, na hukumu ya Kinondoni haitamfikia kirahisi. Nguvu yako yote iko kabla ya malipo: karatasi ya mnada, picha za chini ya gari, masharti ya kampuni kuhusu muda wa kulalamika, ambao huwa mfupi, na akaunti yenye jina la kampuni. Fedha usizitume kwa jina la mtu. Wakala wa forodha wa hapa ana mkataba wake tofauti na wewe; gari likitoka bandarini limenyofolewa redio au vioo vya pembeni, andika na piga picha hapohapo, kabla hujalitoa getini.

Bajaji mpya na pikipiki huja na waranti ya muuzaji, na waranti nyingi zinakufa kwa sababu ya sevisi. Kijitabu kinasema urudi kwa wakala kwa kilometa zilizopangwa. Dereva anabadilisha oili kijiweni, na injini ikifa anaambiwa waranti imekwisha. Sevisi hizo za mwanzo zifanyie kwa wakala, kijitabu kigongwe muhuri, hata kama foleni ni ndefu. Mwenye mkataba wa kulipa kidogo kidogo aulize pia, kabla ya kusaini: chombo kikilala gereji kwa ubovu wa kiwandani, malipo ya siku hizo ni ya nani?

Barua ya jirani yangu ilipelekwa yadi siku ya tano, na ujumbe wa dalali ukiwa umeambatanishwa kwa maandishi makubwa. Siku ya 12 mwenye yadi alipiga simu, sauti imebadilika. Hakukubali kurudisha milioni 14, na mkataba haukuwa na kifungu cha kurudisha gari, kwa hiyo hatukuwa na fimbo kubwa. Walikubaliana alipe hedi, gasketi, ufundi na siku alizokodi gari jingine kupeleka watoto, kwa mafungu matatu, na wakaandikiana mbele ya wakili. Mafungu mawili yameshaingia. Gasketi iliyoungua, bado ina vipande vya ile silikoni ya kijivu, ameifunga kwenye gunia stoo kwake, na amesema haitoki humo mpaka fungu la mwisho lisome kwenye simu yake.